Usimwite mvivu, mwili wake unauma kweli

Kila Jumamosi, kama saa mbili asubuhi, mama mmoja mkaazi wa Gatina, Kawangware, hubisha mlangoni kwangu akiwa amejifunga leso kiunoni, tayari kwa kazi. Amenifulia nguo kwa miaka minne. Katika mwaka wa tatu alianza kuchelewa. Baadaye akawa anaketi chini kila baada ya kufua shuka mbili. Halafu siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kamba ya kuanikia, mikono imeinuka nusu tu, machozi yanamtiririka, na nguo zote zingali ndani ya beseni.

Nakiri kwa aibu kwamba jambo la kwanza lililonijia akilini halikuwa huruma. Nilidhani amechoshwa na kazi yangu na sasa anatafuta kisingizio. Aliponiona nimekunja uso alisema, "Mama, usinione mvivu. Mwili mzima unaniuma kama mtu aliyepigwa rungu usiku kucha. Na kila nikienda kupimwa naambiwa sina kitu."

Sina kitu! Jibu hilo limewarudisha nyumbani watu wengi wa mitaa yetu, hasa akina mama, wakiwa na maumivu yale yale waliyokwenda nayo, na mfuko mwepesi kuliko walivyokwenda nao.

Juma lililofuata aliniletea kopo la Blue Band alimokuwa akiweka dawa zake zilizobaki pamoja na vijikaratasi vya zahanati. Tulivimwaga vyote mezani. Katika muda wa miezi 18 alikuwa ameambiwa mara tatu kwamba ana malaria, mara mbili kwamba ana homa ya matumbo, na mara moja kwamba ana brusela. Kati ya matibabu hayo alikuwa akidungwa sindano za maumivu za diklofenaki, na siku ambazo hakuwa na pesa za sindano alinunua vidonge kimoja kimoja kutoka dukani, kama mtu anunuaye peremende. Tumbo nalo likaanza kumchoma.

Hebu tutazame hizo karatasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mbu wa malaria hawastawi humu kama kule Kisumu au Kilifi. Mtu ambaye hajasafiri kwenda kwao kwa mwaka mzima, anawezaje kupatikana na malaria mara tatu? Yawezekana, lakini ni ajabu, na ajabu ikijirudia inafaa mtu aulize maswali.

Brusela ndiyo iliyonikera zaidi. Huu ni ugonjwa wa kweli, tena mbaya, unaopatikana kwa mifugo na kwa maziwa yasiyochemshwa, na wafugaji wetu wanaujua vizuri. Huleta homa na maumivu ya viungo na mgongo. Kwa sababu hiyo, mtu yeyote mjini anayelalamika kwamba viungo vinamwuma hutolewa damu kidogo, ikachanganywa na dawa kwenye kigae, na ikigandana anaambiwa ana brusela. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vituo vya afya vya humu nchini, ambao ulionyesha kwamba kipimo hicho cha haraka hakifai kutegemewa, na kwamba wengi wanaoambiwa wanao ugonjwa huo hawana. Matibabu yake si mchezo. Ni dawa kali za kuua bakteria kwa muda usiopungua wiki sita. Mama wa Gatina alizimeza zote. Maziwa pekee anayoyajua ni yale ya chai, yaliyochemka mpaka yakafurika sufuria.

Sisemi kwamba wahudumu wa zahanati ni walaghai, ingawa walaghai wapo. Mhudumu mwenye foleni ya watu 60 mlangoni, asiye na kipimo kingine, hutafuta ugonjwa ambao dawa yake anayo kabatini. Na mgonjwa naye, baada ya kulipa, hataki kuondoka mikono mitupu. Pande zote mbili huridhika kwa siku tatu, kisha maumivu hurudi.

Ugonjwa wa mama huyu una jina, nalo ni fibromialjia. Jina ni gumu lakini maana yake ni nyepesi: maumivu ya misuli na nyuzi zinazoifunga misuli hiyo kwenye mifupa. Mwaka 1904 daktari Mwingereza, William Gowers, aliyaeleza maumivu ya namna hii akadhani yanatokana na uvimbe ndani ya nyuzi hizo. Uvimbe haukuwapo. Miongo ikapita, wagonjwa wakidhaniwa kuwa ni wanawake wenye kudeka. Mwaka 1981 Muhammad Yunus, daktari mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliowalinganisha wagonjwa hao na watu wenye afya njema. Walionyesha kwamba dalili zao hufuatana kwa utaratibu unaotambulika, wala si mambo ya kubuni.

Mwaka 1990 madaktari wa baridi yabisi wa Marekani waliweka masharti ya kuutambua. Walitaja sehemu 18 za mwili, kuanzia kisogoni, mabegani na kifuani hadi kwenye viwiko, nyonga na magoti, ambazo daktari huzibonyeza kwa kidole gumba. Mgonjwa aliyeumia sehemu 11 au zaidi, na ambaye amekuwa na maumivu ya mwili mzima kwa miezi mitatu, alihesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Tangu mwaka 2010 masharti yamelegezwa. Siku hizi daktari huuliza zaidi kuliko anavyobonyeza: ni sehemu ngapi zinazouma, unaamka umechoka, unasahau mambo, kichwa na tumbo vikoje?

Mama huyu alikuwa na yote. Aliamka akiwa mchovu kuliko alivyolala. Alisahau chumvi kwenye mboga, akasahau siku ya mchango wa chama, na mara moja akapita kwao akatembea mpaka Satellite kabla hajatambua kwamba amekosea. Vidole vilimfa ganzi. Maji baridi yalimwuma kama miiba.

Wataalamu hukadiria kwamba ugonjwa huu huwapata watu kati ya 2 na 4 katika kila 100, na kwamba wanawake hupatikana nao zaidi. Wapo wanaodhani ni ugonjwa wa wazungu wenye nafasi ya kujisikiliza. Si kweli. Katika muongo wa 2010 madaktari wa hapa Nairobi walichapisha tafiti kuhusu wagonjwa waliohudhuria kliniki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na wakaukuta miongoni mwa watu wa kawaida kabisa, wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Basi upo. Tatizo ni kwamba wa Kenyatta wanaweza kuutaja kwa jina, lakini mama wa Gatina haanzii Kenyatta. Anaanzia kwenye kibanda cha dawa karibu na stendi ya 46.

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: kama mwili unauma, mbona vipimo havionyeshi kitu? Ni kwa sababu kasoro haiko kwenye damu wala kwenye mfupa. Iko katika mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, ambavyo kazi yake ni kupokea na kupima habari za maumivu. Mfikirie mlinzi wa usiku katika ploti zetu. Akishavamiwa na wezi mara moja, au mara tatu, hawi tena mlinzi yule wa zamani. Paka akipita atapiga filimbi. Upepo ukitikisa bati atapiga filimbi. Filimbi ni ya kweli na watu wanaamka kweli, lakini ukitoka nje na tochi hutamwona mwizi. Mishipa ya mtu mwenye fibromialjia imekuwa kama mlinzi huyo. Mguso ambao kwako ni wa kawaida, kwake ni maumivu, na kipimo cha damu ni ile tochi isiyomwona mwizi.

Ni nini kilichomtisha mlinzi? Hapa hakuna jibu moja. Kuna waliorithi wepesi huo katika ukoo. Kuna walioanza baada ya ajali, au baada ya maradhi marefu. Lakini jambo moja hujitokeza tena na tena katika maisha ya wagonjwa hawa, nalo ni msongo wa mawazo uliodumu.

Msongo si jambo la moyoni tu. Mtu akitishwa, ubongo huamrisha tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo kumwaga adrenalini, na baadaye kidogo homoni nyingine iitwayo kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari hupanda katika damu, na tumbo husimamisha kazi zake. Mungu aliumba hivyo ili mtu aweze kumkimbia simba. Simba akiondoka, mwili hutulia. Daktari Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alianza kueleza mwaka 1936 jinsi mwili unavyochakaa pale simba asipoondoka.

Huko Kibera na Kawangware simba haondoki. Hebu fikiria aliyeishi Kibera tangu mwaka 2007. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2008 aliona majirani wakichinjana baada ya uchaguzi, katika ghasia ambazo nchini kote ziliua watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2017 ghasia zikarudi, na huko Kawangware, baada ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba, maduka na nyumba zikachomwa. Julai 23, 2018, matingatinga yaliingia Kibera alfajiri, yakabomoa nyumba, shule na makanisa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakalala nje. Mwaka 2020 ikaja korona na kafyu, na wafua nguo wengi wakafungiwa milango na waajiri waliowaogopa. Na hayo ndiyo makubwa yaliyoandikwa magazetini. Yale madogo hayaandikwi: kodi ya tarehe tano, mtungi wa maji uliopanda bei, choo cha kulipia kilicho mbali usiku wa manane, mume aliyelewa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

Misuli iliyokazwa kwa miaka kumi na tano itakosaje kuuma?

Tena lipo suala la usingizi, ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Mwaka 1975 daktari Harvey Moldofsky na wenzake huko Toronto walifanya jaribio ambalo ningependa kila mhudumu wa zahanati alijue. Waliwachukua vijana wenye afya njema, wakawalaza, na kila walipozama katika usingizi mzito waliwashtua kwa kelele, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache tu vijana hao walianza kulalamika kwamba misuli inawauma na mwili umechoka, mfano wa wenye fibromialjia. Walipoachwa walale vizuri, maumivu yakaondoka.

Sasa linganisha jaribio hilo na chumba cha futi 10 kwa 10 huko Gatina au Laini Saba. Ukuta ni bati. Jirani wa kulia ana redio, wa kushoto ana mtoto mchanga, na nyuma kuna klabu. Saa tisa za usiku mbwa wanabweka, na mama anasikiliza kama ni mlango wake unaosukumwa. Saa kumi na moja kasoro lazima aamke. Wale vijana wa Toronto walisumbuliwa kwa siku chache na ikawa habari ya kuandikwa. Mama huyu amefanyiwa jaribio hilo hilo kwa miaka, na hakuna aliyeandika lolote.

Ndiyo maana hunichoma ninaposikia mgonjwa akipewa ushauri ule wa mkato, "Mama, punguza mawazo." Apunguze yapi? Ampigie mwenye nyumba simu amwambie kwamba daktari amekataza kodi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetoa ushauri huo huwa anasema kweli kuhusu mwili, lakini anasema uongo kuhusu maisha ya aliye mbele yake. Mbaya zaidi, mgonjwa huyasikia maneno hayo kama shutuma. Huelewa kwamba anaambiwa maumivu yako ni ya kichwani, umejitakia, nenda nyumbani. Msongo humwongezea maumivu, na kutosadikiwa humwongezea msongo.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Si kila mwili unaouma una fibromialjia. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, ukiamka umekakamaa kwa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, ukipungua uzito, ukitoka jasho jingi usiku, ukipata homa isiyokwisha, au mguu ukipoteza nguvu, usikubali jina hili upesi. Huenda ikawa baridi yabisi yenyewe, kifua kikuu, au jambo jingine linalohitaji matibabu yake. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa na virusi vya Ukimwi vipimwe kwanza. Vipimo hivyo vichache vinatosha. Ninachopinga ni kupima brusela mara nne.

Wanaume nao wasifikiri kwamba mazungumzo haya hayawahusu. Alfajiri, kando ya reli inayopita Kibera, wanaume hutembea kwenda kutafuta vibarua Industrial Area na kwenye mijengo. Mwanamume ambaye mwili unamwuma toka kisogoni hadi kwenye nyayo hasemi. Akisema, wenzake watamcheka, na msimamizi atamchukua mwingine kesho. Hunywa vidonge viwili vya maumivu asubuhi na pombe kali jioni, na huko nyumbani watu hujua tu kwamba baba amekuwa mkali. Wanawake wanaongoza kwa idadi, lakini nashuku kwamba sehemu ya wanaume wasiohesabiwa iko kwenye mabaa.

Matibabu yapo, ingawa dawa ya kuuondoa ugonjwa wote haipo. Nianze na kisichosaidia. Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za kupunguza uvimbe, na hapa hakuna uvimbe wa kupunguza. Aghalabu hazimsaidii mtu huyu, na akizitumia kila siku humpa vidonda vya tumbo na kuhatarisha mafigo. Pesa zilizoingia katika kopo lile la Blue Band zingelipa kodi ya miezi kadhaa.

Kuna dawa moja ya zamani, amitriptilini, iliyotumika tangu miaka ya 1960 kutibu huzuni nzito. Kwa kipimo kidogo sana, usiku, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kulala na kupunguza maumivu. Si ghali. Lazima iandikwe na daktari, kwa sababu hulevya, hukausha kinywa, na haiwafai wenye maradhi fulani ya moyo. Tatizo lake kubwa mitaani ni sifa yake. Mama wa Gatina alipoipata, jirani aliitazama pakiti akamwambia hiyo ni dawa ya Mathari, ya wenye wazimu. Aliiweka kando majuma mawili kwa ajili ya maneno hayo. Daktari alikuwa hajamweleza kwamba dawa moja huweza kufanya kazi mbili. Dakika tatu za maelezo zingeokoa majuma mawili ya maumivu.

Lililothibitishwa zaidi ya dawa zote ni mazoezi ya mwili. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walipokusanya ushahidi wote na kutoa mwongozo wao, mazoezi ndiyo peke yake waliyoyapendekeza kwa uzito wote. Msomaji atasema, je, mfua nguo hafanyi mazoezi? Anatembea kutoka Kawangware hadi Lavington au Kileleshwa na kurudi, anakamua mablanketi, anabeba maji. Hapana, hiyo ni kazi, na tofauti ni kubwa. Mazoezi yanayotibu huanza kidogo, huongezwa polepole, na mtu husimama anapochoka. Kibarua hakisimami anapochoka. Siku ambayo maumivu yamepungua hufua nguo za nyumba tatu ili afidie, na siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka. Wanaoujua ugonjwa huu wote husema kwamba mchezo huo wa kupanda na kushuka ndio unaoukoleza.

Kwa hiyo sehemu ya matibabu iko mikononi mwetu tunaowaajiri. Beseni likiinuliwa kutoka sakafuni hadi kimo cha kiuno, mgongo hupona nusu. Maji ya vuguvugu si anasa. Kazi ya siku moja ikigawanywa kwa siku mbili bila kukatwa malipo, mwajiri hapotezi kitu ila utaratibu wake. Sitaki kusifiwa kwa kuyasema haya, maana miaka mitatu sikuyafanya.

Na serikali ya kaunti? Hapa nina neno. Kuutambua ugonjwa huu hakuhitaji mashine. Kunahitaji mtu aliyefunzwa kuuliza maswali kumi, mkono wa kubonyeza bega, na muda. Mwezi Septemba 2023 wahudumu wa afya wa kijamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini kote wakiwa na mikoba ya vipimo. Hupita mlango kwa mlango Kibera na Kawangware, wakiulizia presha, sukari na chanjo. Waongezewe maswali mawili: je, mwili umekuuma kote kwa zaidi ya miezi mitatu? Je, unaamka umechoka? Atakayejibu ndiyo mara mbili apewe barua ya kumwona tabibu wa kituo cha afya cha karibu, apimwe yale machache niliyoyataja, kisha asadikiwe.

Wako watakaosema kwamba mashauri ya nafsi ni mambo ya wenye pesa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 518, wengi wao waliodhulumiwa na wanaume. Nusu yao walipewa vikao vitano vya mashauri vilivyobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya wa mtaani waliopewa mafunzo. Walifundishwa kupumua polepole, kulitenga tatizo linaloweza kutatuliwa na lile lisiloweza, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta mtu wa kuegemea. Baada ya miezi mitatu dhiki ya moyo ilikuwa imepungua kwao kuliko kwa wenzao waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Jaribio hilo lilipima dhiki, halikupima maumivu ya misuli, kwa hiyo nisilipe sifa lisizostahili. Lakini limeondoa kisingizio kwamba haiwezekani huku kwetu. Zimbabwe nao, tangu mwaka 2006, wamewaketisha akina nyanya kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare kuwasikiliza watu wenye kile wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wenzetu wamelipa jambo hilo jina katika lugha ya mama, na benchi la kuketi. Sisi tuna jina, mawazo. Benchi ndilo hatuna.

Vikundi vya chama navyo vingeweza kufanya zaidi ya kuchanga pesa. Mama wa Gatina alipowaeleza wenzake wa chama yaliyomfika, wawili kati ya kumi na wanne walimwambia kwamba wao pia wamekuwa hivyo kwa miaka, na kwamba hawakuthubutu kusema kwa kuogopa kuitwa wachawi wa kujiloga au wavivu. Sasa watatu hao hutembea pamoja kila jioni, dakika kumi na tano, wakipita Naivasha Road bila mzigo wowote kichwani. Watu huwauliza wanakwenda wapi. Wao hujibu hawaendi popote.

Hajapona. Amitriptilini anaimeza, maumivu yamepungua lakini yapo, na msimu wa baridi wa Juni na Julai ulimwangusha tena. Sindano za maumivu ameziacha, na tumbo limetulia. Kopo la Blue Band limerudi kuwa la chumvi.

Jumamosi iliyopita alifika akiwa amechelewa nusu saa. Kulikuwa na matanga kwa jirani, muziki ulipigwa mpaka alfajiri, na hakupata usingizi. Tulikunywa chai kwanza. Nguo zilingoja, na mablanketi tukayaacha ya Jumanne.